Kile Hadithi Imebeba

Jumanne, tarehe 4 Februari 2025. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi ya Kibirichia, na baridi iliuma vidole. Mwalimu Felicitas aliomba na Gredi ya Sita, wakaitikia amina, kisha akafungua kitabu cha hadithi.

Hadithi ilikuwa fupi. Mkulima analima, anavuna, anamuuzia mnunuzi, anamshukuru Mungu, anarudi kulima.

"Maudhui," alisema mwalimu, "ni kile hadithi imebeba. Hii imebeba nini?"

"Bidii!" darasa likajibu. Ndivyo mwongozo wa mwalimu ulivyosema.

Ciakuthii, binti wa Gikunda, aliinua mkono. "Imebeba lumbesa, mwalimu."

Darasa lilicheka. "Wewe nawe! Lumbesa ni gunia," akasema Muthomi.

Kila mtu pale aliijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linashonewa wavu juu, linajazwa tena mpaka linaota nundu, na mnunuzi analilipia kama gunia moja.

"Iko ukurasa wa pili," akasema Ciakuthii. "Gunia la yule mkulima limempita kimo."

Mwalimu alisoma ukurasa wa pili. Ilikuwa hivyo. Akamwambia amepata.

Hapo kitabu kikaanza kuvimba mezani. Kurasa ziliinuka, majalada yakaachana, na juu yake ukaota wavu wa kijani ulioshonwa kwa uzi wa nailoni. Vitabu vya wanafunzi vikafuata. Watoto walivishusha sakafuni kwa sababu madawati yalikuwa yanalia, na somo likaendelea. Jioni wasichana walivibeba mgongoni, kamba ikipita kichwani, kama kuni.

Ijumaa wazazi waliitwa shuleni. Bwana Kailemia, mwenyekiti wa bodi, ndiye aliyekuwa mnunuzi wa viazi, na lori lake pekee ndilo lililofika upande ule. Viazi vya Gikunda vilikuwa vimeshachimbwa na vilianza kugeuka kijani shambani.

Mwenyekiti aliinua kitabu kimoja kwa mikono miwili, akakirudisha chini.

"Kimejaa vizuri," alisema. "Lakini mtoto ashike jibu la mwongozo. Siwezi kupeleka lori kwa watu wanaonitukana."

"Hakukutukana, mzee," akasema Mwalimu Felicitas. "Alisoma tu."

"Basi lori lipumzike."

Gikunda alivua kofia. "Sema utalishika, mami," alimwambia binti yake. "Viazi vinaharibika."

Mwalimu aliinamisha kichwa, midomo yake ikicheza kama ya mtu anayeomba.

Ciakuthii alisimama mbele ya wazazi, walimu na mwenyekiti. Nje ya lango vijana wa lori walikuwa wameshaanza kukata nyavu za kushonea magunia.

"Naahidi," alisema kwa sauti, wote wakisikia. "Kwa mtihani nitaandika bidii."