Wilaya Iliyoshika Mkia

Bi Pindo hakupiga kelele, kwa sababu alikuwa na pini tano mdomoni. Alikuwa amepiga magoti akipima urefu wa sketi ya mwalimu wa chekechea, na redio ilikuwa juu ya kabati la vitambaa, pale msomaji wa habari alipoanza kuzitaja wilaya saba za mkoa, moja moja, kama anayesoma matokeo ya mpira. Ripoti ya mganga mkuu wa mkoa ilikuwa imetoka. Kati ya kila watu laki moja, wilaya ya kwanza ilikuwa imepoteza watu arobaini na wanane kwa saratani katika mwaka. Ya pili, ile ya ng'ambo ya mto, hamsini na mmoja. Akashuka, akashuka, mpaka akafika chini kabisa.

"Na wilaya iliyoshika mkia," alisema, "watu tisini na wanne." Akaitaja. Ilikuwa yao.

Mwalimu wa chekechea akatazama chini. "Bi Pindo, umenichoma."

Jina hilo alipewa na wateja. Nguo yake ikiwa imekwisha kila kitu utaambiwa imebaki pindo tu, na pindo hilo laweza kubaki wiki tatu. Lakini mkono wake ulikuwa wa dhahabu, mdomo wake haukuwa na breki, na hakuna aliyekwenda kwa fundi mwingine akakaa huko.

Hajatema pini ya mwisho, simu ikalia. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko ng'ambo. Hawa wawili walizaliwa mwaka mmoja, na kwa miaka ishirini na miwili walikuwa wakibishana nani mkubwa. Cheti cha mmoja kiliungua, cha mwingine kiliandikwa na karani mwenye haraka ambaye hakujaza tarehe. Kwa hiyo hakuna kati yao aliyewahi kumwamkia mwenzake shikamoo.

"Wifi," ilisema simu, "habari za mkiani?"

"Nzuri tu. Huku nyuma tunaona visigino vyenu, na vina magaga."

Wifi akacheka mpaka akakohoa. "Sema utakavyo, sisi ni wa pili. Tunaoga, tunalala mapema."

"Nyinyi mna mto. Magonjwa yenu yanazama."

Alikata simu akiwa anacheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Ile tisini na nne ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kabla ya saa tano alikuwa amefunga duka, akavuka barabara na kuingia kituo cha afya, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Chumba namba nne kilikuwa na meza, kitanda cha kupimia, pazia la kijani na muuguzi mfupi mwenye miwani mikubwa.

"Nimekuja mfute ile namba," alisema Bi Pindo. "Mtu amekosea kujumlisha."

Muuguzi hakubishana. Alifungua droo, akatoa madaftari mawili. Moja, jembamba, lilikuwa la wanawake waliokuja kupimwa kabla hawajaugua. Mwaka mzima walikuwa kumi na wanne. La pili lilikuwa la wale waliopelekwa hospitali kubwa wakiwa tayari wagonjwa.

"Soma safu ya mwisho," alisema muuguzi.

Bi Pindo akasoma. Hatua ya nne. Hatua ya nne. Hatua ya tatu. Hatua ya nne.

"Mimi nimefanya kazi ng'ambo miaka sita," alisema muuguzi. "Wanaugua kama sisi, karibu sawasawa. Saratani haiulizi mto uko wapi. Ila wao wanakuja ingali punje, sisi tunakuja imeshakuwa nazi."

Bi Pindo alishusha daftari taratibu. Mama yake alikuwa katika daftari kama hilo, la miaka tisa nyuma, na alikuja ikiwa nazi. Hilo hakulisema. Aliuliza tu, "Siku ya kupima ni lini?"

"Alhamisi."

"Na Alhamisi huwa mko wangapi humu?"

"Mimi na kiti."

Alipotoka alikuwa ameshashika simu. Wifi alipokea akidhani ni utani unaendelea, na kweli ulikuwa utani, lakini wenye meno. Mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, saa kumi jioni, itakayokuwa imepima wanawake wengi ni wilaya ipi?

"Atakayeshindwa?" aliuliza wifi.

"Atamwamkia mwenzake shikamoo. Mwaka mzima. Mbele za watu."

Dau lilikuwa kubwa. Mtu asiyewajua hangeelewa uzito wake.

"Na kupiga goti?" aliuliza wifi.

"Goti kidogo."

"Andaa goti lako."

Muuguzi aliomba ruhusa chumba namba nne kifunguliwe kila siku ya kazi, na mganga wa kituo aliidhinisha huku akisema haoni hao watu watatoka wapi. Walitoka kwenye kabati la Bi Pindo. Alikuwa na nguo za watu arobaini na tatu, zote zimekwisha, zote zimebaki pindo. Mteja alipokuja, Bi Pindo alimwonyesha gauni lake, akaligeuza mbele na nyuma, akamwacha alitamani, kisha akalirudisha kabatini.

"Nenda pale mbele chumba namba nne. Ukirudi na kikaratasi, pindo litakuwa tayari."

"Bi Pindo, harusi ni kesho kutwa."

"Ndiyo maana nakuambia uwahi."

Walilalamika, wakamwita nduli, wakaenda. Wasimamizi sita wa bibi harusi walikwenda kwa pamoja wakiimba, wakarudi na vikaratasi sita na bibi harusi mwenyewe akiwa wa saba. Bibi mmoja wa miaka themanini alikuja kuchukua kitambaa cha kichwa ambacho hata pindo hakihitaji, akaambiwa yeye hadaiwi kikaratasi, akakasirika, akaenda hivyo hivyo. Mwanamke aliyeuza mkaa pembeni mwa kituo aliona foleni, akaingia ndani yake kwa kudhani kuna kitu kinagawiwa, na alipojua ni nini alikuwa ameshafika mlangoni.

Uvumi mkubwa ulikuwa juu ya siki. Muuguzi alikuwa akipaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi na kungoja dakika moja. Panapogeuka kuwa peupe pana jambo la kuangaliwa, na kama ni dogo linatibiwa papo hapo. Kisha anapapasa matiti, anauliza maswali mawili matatu, basi.

"Siki hii hii ya jikoni?" waliuliza wanawake wakiwa bado wamekaa kwenye benchi.

"Ni ndugu yake," alijibu muuguzi, "ila huyu amesoma."

Ng'ambo nako wifi hakulala. Aliitisha mkutano wa wazazi, mama tu, na ajenda namba moja aliyoiandika ubaoni kwa maandishi makubwa ilikuwa SIKI. Siku hiyo peke yake walipimwa ishirini na saba. Habari zilipomfikia Bi Pindo alikata kola ya blauzi upande usio wake.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli katika chumba cha pili cha duka hilo hilo, mtu wa maneno machache na mafuta mengi mikononi. Kila jioni simu yake ililia. Alikuwa dada yake, anataka kujua wamefika wangapi. Akikata tu, mkewe anasimama mlangoni, anataka kujua dada amesema nini.

"Mimi ni mume wa timu moja na kaka wa timu nyingine," alisema. "Msinitafutie kifo."

Lakini ukutani, nyuma ya tairi zilizoning'inia, alikuwa akiandika hesabu kwa chaki, safu mbili, na wanaume waliokuja kuziba pancha walisimama kuisoma. Wengine walikwenda nyumbani kuwauliza wake zao wanangoja nini, wilaya inaaibika.

Wiki mbili hazijaisha, muuguzi alikuwa amewaona watatu wenye doa dogo. Akawatibu, wakaenda nyumbani kwa miguu yao. Mmoja alipita dukani kuchukua blauzi yake, akaijaribu mbele ya kioo, na kabla hajaivua alimkumbatia Bi Pindo kwa muda mrefu mpaka pini zikawachoma wote wawili.

Ijumaa ya mwisho ikafika. Saa tisa alasiri chaki ilisema mia moja sabini na moja kwa mia moja sabini na moja. Wifi alikuwa ameomba ruhusa kazini, akavuka mto kwa basi, akaja na pochi yake kubwa kushuhudia kwa macho. Korido ya kituo ilikuwa imejaa wanawake ambao walikwisha kupimwa zamani na walikuja tu kuona mwisho wake.

Muuguzi alitoka chumba namba nne na daftari, ambalo sasa lilikuwa limenona.

"Bi Pindo," alisema, "nimepekua kuanzia mwanzo. Jina lako silioni."

Benchi zima likageuka.

"Mimi ni kocha," alisema Bi Pindo. "Kocha hachezi."

Wanawake walicheka. Wifi hakucheka. Alimshika mkono, akamvuta mpaka kwenye veranda ya nyuma, palipoanikwa mashuka ya kituo.

"Unaogopa," alisema.

Bi Pindo akafungua mdomo atafute neno la kuchekesha, akalikosa. "Mama alikaa nayo miaka miwili anasema ni gesi," alisema. "Mimi nikipita mlango ule naona kama yeye ndiye anayeitwa. Watu wote hawa nimewasukuma. Mimi miguu inakataa."

Wifi alichezea zipu ya pochi. Kisha akasema, "Hata mimi sijapimwa."

"Wewe?"

"Nimewapeleka mia moja sabini na mmoja. Kila siku nasema kesho."

Walitazamana. Mmoja akaanza kucheka, haijulikani yupi, na mwingine akamfuata, na wakacheka kile kicheko kibaya kinachopinda mgongo, wakishikilia mashuka mabichi ya kituo wasianguke, machozi yakiwatoka. Mfuaji alichungulia, akaona ni watu wazima, akarudi ndani.

Waliingia chumba namba nne pamoja. Kwanza ikazuka kesi: wifi akipimwa huku, ni wa nani?

"Wa kwangu, yuko kwenye kitanda changu," alisema Bi Pindo.

"Mtu anahesabiwa anakoishi," alisema muuguzi akivaa glovu. "Hata vifo kwenye ripoti vimehesabiwa hivyo. Panda."

Wifi alikuwa safi. Alishuka kitandani akivaa viatu kinyume. Kisha akapanda Bi Pindo, na wifi akamshika mkono. Muuguzi akapaka siki, akangoja, akasogeza taa.

"Pana peupe," alisema. "Padogo, kama kifungo cha shati la mtoto mchanga. Ndiyo tunayoita punje. Nakuchoma sasa hivi kwa joto, dakika moja, unakwenda zako. Ungesubiri miaka kumi ndipo tungezungumza lugha nyingine."

Bi Pindo alitazama dari. Alingoja woga uje, aupokee. Badala yake alihisi kicheko kikipanda kutoka tumboni, kutoka kule kule alikokihifadhi tangu siku ya redio.

"Usicheke," alisema muuguzi. "Unatikisika."

"Mwambie wifi aniachie vidole, ananivunja."

"Siachii," alisema wifi, ambaye alikuwa akilia na kucheka, na miwani ya muuguzi ikaanza kupata ukungu, naye akalazimika kusubiri watulie wote watatu ndipo aendelee.

Walipotoka, hesabu ilikuwa mia moja sabini na mbili kwa mia moja sabini na mbili, na saa ya ukutani ilikuwa kumi kasoro dakika sita. Simu ya wifi ikalia. Mpishi wa shule yake, aliyekuwa amejificha stoo ya unga mwezi mzima, alikuwa ametoka kupimwa dakika hiyo hiyo.

Korido iliguna. Bi Pindo aliangalia dari, akaangalia wanawake zaidi ya arobaini waliokuwa wakimngoja, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, wifi."

"Marahabaaa," alijibu wifi, na ile a ya mwisho ilifika mpaka dirisha la dawa.

Ripoti iliyofuata ilipotoka, bado walikuwa wa mwisho. Tisini na mmoja. Muuguzi alikuwa amewaonya: waliougua zamani bado walikuwemo, na namba hizi mwendo wake ni wa kinyonga. Bi Pindo alisikiliza redio mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani. Kupungua watatu, alijisemea, si kitu cha kudharau. Watatu ni foleni ya watu walio hai, wanaokwenda sokoni.

Wiki hiyo hiyo alirudi chumba namba nne kwa kipimo cha marudio, siki tena, dakika moja tena. Alipotoka, mumewe alikuwa amemngoja nje ya geti na baiskeli ya mteja, ile nyeusi yenye karia pana, akijifanya anakagua mnyororo.

"Wamesemaje?"

"Peupe hakuna. Safi kabisa."

Mumewe aliuacha mnyororo. Alipiga kengele ya baiskeli mara moja, akangoja mkewe apande karia, akakanyaga pedali. Walipita benki, wakapita shule, wakapita duka lao wenyewe, ambako wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni na vitambaa vyao.

"Umepita dukani," alisema Bi Pindo.

"Najua," alisema mumewe, na mbele ya posta akakata kona, waanze mzunguko wa pili.