Chanuo la Hawe

Mimi nikiudhika siwezi kuketi. Asubuhi ile nilifagia uwanja mpaka kuku wakanikimbia, maana shemeji yangu Chengo alikuwa amekuja kwetu Ganda, amekaa barazani, anamtazama mama yake mzazi kwa jicho la kuua.

Kisa kilikuwa kichwa cha binti yangu Kache. Mapunye yalimtoka, viduara vyeupe, nywele zikakatika. Nikafanya anavyofanya kila mtu hapa: nikafungua vidonge vya rangi mbili, nikamnyunyizia unga wake. Kidonda gani hakisikii rangi mbili? Basi, mapunye yakazidi. Ndipo Chengo akaanza: "Ugonjwa usiosikia dawa una mwenyewe."

Na mwenyewe kwake alikuwa mama yake huyohuyo, Hawe Kahaso, bibi yake Kache, mwenye mvi tele, ndiye aliyekuwa akimsuka mtoto kila wiki. Kijiji cha pili, mzee mwenye mvi kama zile alikatwa mapanga shambani kwake kwa maneno ya uchawi yaliyoanza hivihivi. Niliogopa, jamani! Nzai mume wangu yuko kazini Mtwapa; nani wa kumzuia nduguye?

Nikautupa ufagio, nikambeba mtoto mpaka zahanati. Daktari Whitney akamkwaruza kichwani, akatazama kwa hadubini, akatikisa kichwa.

"Mama Kache, umebisha mlango wa jirani. Rangi mbili inaua bakteria. Hii ni kuvu."

"Si vijidudu vyote?"

"Wapi! Bakteria wana milki yao peke yao. Kuvu yuko milki moja na mimi na wewe, na mbuzi, na muhogo. Ndani ya milki hiyo kila mmoja ana ufalme wake: muhogo kwa mimea, sisi na mbuzi kwa wanyama, kuvu kwake. Hata ungemwogesha mtoto kwa rangi mbili, kuvu hana habari."

Akanipa vidonge vya kuvu, kisha akauliza, "Nyumbani mnachana kwa chanuo moja?"

Chanuo la mbao la Hawe hupita vichwa vya wajukuu wote.

Niliporudi, Chengo hakuningoja hata nipumue. Nikamweleza yote, milki na falme. Ajabu, alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, ni kuvu," akasema. "Nani aliyemtia?"

Hawe alikuwa mlangoni, chanuo mkononi.

"Mimi," nikasema. "Kwa chanuo langu. Silioshi, na kila mtoto namchania hilohilo." Nikampokonya Hawe. "Na leo nimemwazima mama, balaa gani hii! Linakwenda motoni."

Chengo akanikazia macho. Mimi Moraa, mtu wa bara, nimeolewa tu hapa, nani angenitetea? Mara akasonya.

"Nzai katuletea mke asiyejua hata kuosha chanuo," akasema, akaenda zake. Najua atalitangaza Ganda nzima. Na alitangaze!

Nikalitia chanuo mekoni. Hawe akasimama kando yangu, anatazama linavyowaka.

"Moraa, lile lilikuwa langu."

"Lilikuwa lako, mama."

Kisha akavua leso kichwani, na kwenye mvi zake nikaona viduara vilevile. Alikuwa akivificha kwa hofu.

"Nitazame na mimi, mwanangu," akasema.

Nikaketi.