Kichwa cha Garimoshi Mbele ya Ofisi

Kwa miaka kumi na minane Makongoro aliendesha kichwa kile kidogo cha garimoshi, akikokota marobota ya pamba kutoka jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, hadi gatini Musoma. Malori yalipochukua kazi, kikaachwa majanini hadi mwaka 1972, wakubwa wa jineri walipoamua kiwekwe mbele ya ofisi yao ili watoto wa shule wakione.

Makongoro aliitwa kutoka kwao Mugeta aje akisugue kutu na kukipaka rangi. Ofisa mmoja akamwomba na historia yake, iandikwe kwenye kibao. Makongoro akataja mwaka kilipoletwa kwa meli, uzito wake, na mabehewa sita kiliyovuta. Kisha akasema kwamba Clementi, mchochea moto wake, alifia humo mwaka wa Uhuru, alipobabuliwa na mvuke. Ofisa akafunika kalamu. Kibao ni kidogo, alisema, na watu wanakuja kufurahi.

Siku ya sherehe Jeska, mjane wa Clementi, alifika kwa basi kutoka Butiama. Alikisoma kibao kwa kidole, neno kwa neno, akarudia tangu juu. Halafu akamwendea Makongoro.

"Shemeji, mlikuwaga wawili humu. Mbona yeye aliungua, wewe ukatoka mzima?"

Mazishini Makongoro alikuwa amejibu kwamba ni bahati mbaya. Safari hii maneno hayo hayakumtoka. Akamweleza kwamba bomba la mvuke lilianza kuvuja siku tatu kabla; aliliona, akalifunga kwa waya, kwa kuwa meli ilikuwa inasubiri pamba. Clementi alitaka wazime moto. Yeye akakataa.

"Alikwambia mzime?"

"Mara mbili."

Jeska akaomba aonyeshwe mumewe aliposimama. Makongoro akamshika mkono apande. Alipofika juu tu, akauchomoa. Akasimama mbele ya mlango wa tanuri, amewapa watu mgongo, huku kwaya ya shule ikiimba. Rangi mbichi ikamshika kwenye kanga. Aliposhuka hakumlaumu, wala hakumuaga. Alielekea stendi akisugua lile doa.

Baadaye Makongoro alihamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Bunda. Siku moja akafunga safari hadi Butiama. Binti wa Jeska akamtolea kiti na maji, akasema mama yuko shambani. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, na ndani mtu alikuwa akikohoa taratibu.

Makongoro akanywa maji, akashukuru, akaondoka.