Koti Arudi Kinyumenyume

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Nikikutwa na uongo hata wa kujaza kijiko, nguo zote za nyumba hii nitazipiga pasi mimi, pamoja na mashuka. Mke wangu amesikia kiapo, akaitikia kwa kicheko ambacho sikukipenda.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa mashine kwenye ukumbi wa sinema. Filamu iliyotulisha kuliko zote ilikuwa ya mpelelezi wa kujitegemea aliyevaa koti refu, jua na mvua. Sisi tulimwita Koti. Mwishoni gari lake linawaka moto, linatumbukia mtoni, halafu basi, eti itaendelea. Miaka miwili watu walinisimamisha njiani: "Fundi, Koti kafa, hajafa?"

Tajiri, mwenye ukumbi, akachoka kusubiri. Akampata mfanyabiashara wa saruji anayetafuta ghala, kisha akaja kuegemea mlango wa chumba changu cha mashine.

"Fundi, Jumatatu viti vinatoka."

"Vinakwenda wapi?"

"Kuni."

Kuni! Viti nilivyovishona sponji kwa mkono wangu mwenyewe! Nikamwambia, "Jumamosi saa nane mchana naonyesha sehemu ya pili. Ukumbi ukijaa na watu wakakaa mpaka mwisho, saruji ikalale kwingine."

"Sehemu ya pili unayo?"

"Ninayo."

Sikuwa nayo. Lakini uongo ule ni wa zamani, hauhesabiwi.

Mke wangu, aliyekuwa akikata tiketi mlangoni, aliniuliza, "Utaitoa wapi, baba watoto? Mfukoni?"

"Ndani ya sehemu ya kwanza."

Mota ya mashine ilikuwa na waya tatu. Ukihamisha mbili, mota inazunguka kinyume. Nikazihamisha, mkanda ukawa unaanzia mwisho kwenda mwanzo. Sauti nikaizima, maana watu wakiongea kinyume hufanana na bata wanaogombea makombo. Nikashika kipaza sauti niwe msimulizi, na mke wangu akawa anazungusha kwa mkono gurudumu la kupokea mkanda.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakapakatana. Tajiri alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Pembeni yake yule wa saruji alikuwa akipima kuta kwa macho.

Taa zikazimwa. Mto ukachanuka, gari likaruka kutoka majini, moto ukajimeza, likatua darajani bila mkwaruzo. Koti akashuka, koti kavu.

"Kumbe mzima!" ukumbi ukalipuka.

Kisha maadui waliokufa wakaanza kuinuka mmoja mmoja, risasi zikiwachomoka vifuani na kurudi kwenye bastola yake.

"Anawanyang'anya risasi!" nikasema. "Anawafufua ili awahoji! Mpelelezi gani mwingine amewahi kumhoji marehemu?"

Sigara yake ilirefuka kadiri alivyoivuta. Watu hoi.

Ndipo Tajiri akasimama. "Wizi mtupu! Filamu inarudi nyuma hii!"

Niliviona viti vyangu vikipasuliwa kwa shoka. Papo hapo kipaza sauti kikanguruma:

"Inarudi nyuma, ndiyo! Kwani upelelezi ni nini, Tajiri? Si kurudi nyuma mpaka umkute aliyeanza? Anayeogopa kurudi nyuma ana lake huko! Kaa chini, unamziba Koti!"

"Kaa chini!" wakaitikia watu mia nne.

Akakaa. Tukaendelea mpaka mume wa mjane, ambaye kifo chake ndicho kilichoanzisha kesi, akainuka zuliani, akaokota kikombe, akakirudishia chai yote. Hakuna marehemu, hakuna kesi! Watu walipiga miguu mpaka vumbi likashuka darini. Yule wa saruji aliondoka bila kuaga, na viti havikutoka.

Miezi minne baadaye sehemu ya pili halisi ikafika. Robo saa tu, watu wakaanza kuzomea: feki hiyo! Koti gani anaua watu halafu hawaamki?

Hapo ndipo nilipotaka kuishia, ila mke wangu amevaa miwani.

"Baba watoto, hapa pa kipaza sauti. 'Nikasema.' Nani alisema?"

"Si ni msimulizi!"

"Msimulizi nani?"

"Mama watoto, wasomaji wanasubiri..."

"Waache wasubiri. Kipaza sauti nilishika mimi, tangu gari lilipotoka majini. Wewe ndiye uliyekuwa unazungusha gurudumu. Tajiri aliposimama ukaliacha, ukaingia chini ya meza, mkanda ukamwagika sakafuni kama matumbo ya mbuzi!"

"Nilikuwa nashikilia waya."

"Waya zilikuwa juu. Nilikuvuta kwa ukosi mkono huu, huku namjibu Tajiri."

Nimetafuta pa kutokea, sikupaona. Mtu aliyenifunga mdomo ni yule yule aliyemkalisha Tajiri, ningeshindaje?

Basi nalipa. Niko shuka la nne, na zipo sare za wajukuu zinanikodolea macho kwenye kapu. Maneno yale yalikuwa yake, yote, hata lile la kumhoji marehemu. Lakini zile waya mbili nilizihamisha mimi, na hilo sifuti, hata aniongezee na mapazia.

Ameyaleta.