Mistari Thelathini

Engelbert Pichlmaier alikaa bungeni kwa jimbo lake miaka ishirini na miwili, na hakuna sheria hata moja inayokumbukwa kwa jina lake. Kazi yake ilikuwa kuhudhuria. Bibi yeyote wa bonde la Eisbach akitimiza miaka themanini, Engelbert yuko mlangoni na kapu la soseji na jibini, mpiga picha wa gazeti nyuma yake. Wazima moto wakinunua pampu mpya, yuko. Maziko ndiyo usiseme. Alianza kama mchomeleaji katika kiwanda cha chuma, akawa msemaji wa wafanyakazi, kisha chama kikambeba kama mama abebavyo mtoto mnene, kwa fahari na kwa kuhema.

Jumamosi hiyo wajumbe tisini wa wilaya walikusanyika ukumbini kupitisha orodha ya wagombea. Utaratibu wa chama ni wa kistaarabu sana, na hapo ndipo penye sumu. Hakuna anayesimama kumpinga mwenzake. Kila mjumbe hupewa karatasi yenye majina yaliyokwisha kupangwa, pamoja na penseli. Usiyemtaka unampiga mstari, unakunja karatasi, unaitumbukiza sandukuni, unarudi kwenye mchuzi wako wa nyama. Ukipigwa mistari thelathini umetoka, na hutajua kamwe ni nani. Engelbert aliupenda utaratibu huo. Kwa penseli hizohizo aliwang'oa wawili waliomtangulia, na mmoja wao alimlilia begani akisema, "Umebaki wewe tu mwaminifu." Lakini mkuki kwa nguruwe ndio mtamu.

Alichotaka ni kipindi kimoja tu zaidi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, hakuwa na bustani wala mchezo aupendao, na watoto wake wawili walimpigia simu Krismasi tu. Bila kiti kile, nani angemfungulia mlango?

"Ishirini na tisa watanipiga mstari," alimwambia mkewe, Hermine, wakiwa bado garini. "Vijana wote wa yule mwanasheria, Roswitha. Na walimu. Nimewahesabu mmoja mmoja."

"Umewahesabu vizuri?"

"Mke wangu, mimi ndiye niliyewafundisha watu hawa kushika penseli."

Hermine, aliyekuwa mjumbe wa tawi la wanawake, alimtoa uzi kwenye kola, akashuka.

Saa sita mchana mwenyekiti alisimama kusoma matokeo. Roswitha Hödl, mistari minne. Wengine sita, saba. Kisha akakohoa.

"Komredi Pichlmaier. Mistari thelathini."

Mhudumu peke yake, ambaye siasa hazikumhusu, aliendelea kugawa viazi. Engelbert alisimama kwa hasira. Ishirini na tisa aliwajua, na hao hawakumuuma. Huyu mmoja ni nani?

Akatazama meza yake. Wote walimwangalia kwa huruma iliyopangwa vizuri, isipokuwa Korbinian Stadlober, rafiki yake tangu kiwandani, aliyemwendeshea gari katika kampeni nne bila malipo. Korbinian alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama sahani.

"Ni wewe," alisema Engelbert.

"Nini? Engelbert, kaa chini bwana."

"Nitazame usoni! Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi! Roswitha amekuahidi nini?"

"Umechanganyikiwa. Watu wanatazama."

"Watazame! Nao wajue wamekaa na mtu gani." Sauti ile iliyozoea vipaza sauti ilijaza ukumbi bila kipaza sauti. "Mwaka ule kiwanda kilipopunguza watu, jina lako lilikuwa kwenye karatasi, Korbinian. Ulikuja jikoni kwangu ukapiga magoti. Ulilia kama mtoto anayeachishwa ziwa. Nikalitoa. Unadhani nilipaacha patupu? Mkurugenzi alitaka watu mia mbili, si mia moja tisini na tisa. Nikamweka Zaunrith!"

Meza ya tatu, mjane wa Zaunrith aliweka uma wake chini. Mumewe alikuwa ameishi miaka mitatu tu baada ya barua ile ya kufukuzwa, na yote mitatu aliimalizia kwenye chupa.

Korbinian aliinua kichwa. Siku ile jikoni aliomba aokolewe, na aliokolewa. Kwamba kuna mwingine aliyesukumwa mahali pake hakuambiwa, na labda hakutaka kuuliza.

"Nilimbeba Zaunrith kaburini," alisema polepole. "Na wewe ulitangulia mbele na shada la maua la chama."

Akasimama, akaenda meza ya tatu, akasimama mbele ya yule mama mikono ikining'inia. Mjane hakumtazama. Alikuwa anamtazama Engelbert.

Ndipo Hermine alipomvuta mumewe mkono wa koti.

"Umemwonea mtu bure," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mkate. "Mstari ule niliupiga mimi."

Engelbert alicheka kidogo. Kisha akaacha.

"Wewe?"

"Mimi. Miaka ishirini na miwili iliyopita tawi la wanawake lilinipendekeza mimi, si wewe. Unakumbuka ulivyowaambia? Hermine hana moyo wa siasa, watoto wanamhitaji. Mimi nilikuwa nakata keki, nikasikia. Niliisubiri hesabu iwe ya kubana. Uliponiambia ishirini na tisa leo asubuhi, nilikaribia kukubusu."

"Ungeniambia nijiuzulu!"

"Ungenisikia? Nani alinisikia mimi?" Akachukua mkoba wake. "Na sasa usinitupie uso huo. Mimi nimekutoa kwenye orodha tu. Hayo mengine umejifanyia mwenyewe, mbele ya watu tisini."

Akaenda kukaa na wanawake wa tawi lake, nao wakasogea wakampa nafasi.

Mwenyekiti aligonga glasi na kuomba utulivu, asipewe. Engelbert akapita katikati ya meza. Watu aliowapelekea mama zao makapu walivuta viti vyao ndani ili asiwaguse. Alimfikia Korbinian, ambaye bado alikuwa amesimama mbele ya mjane kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Maishani mwake Engelbert alikuwa ametoa hotuba elfu, na sasa alitafuta maneno matatu.

"Korbinian. Ndugu yangu. Nilikosea, hukuwa wewe."

"Sikuwa mimi," Korbinian alikubali. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara. "Nilikupa kura yangu. Nilikuwa nimeinama kwa sababu nilikuwa naona aibu kukuona ukianguka."

"Basi nisamehe."

Korbinian akageuka, akampita, akatembea hadi meza ya mbele walipokuwa wakihesabia kura. Sanduku bado lilikuwa wazi.

"Mwenyekiti," alisema, na ukumbi mzima ukasikia, "naomba mnirudishie karatasi yangu. Na penseli."