Nakala Zilizothibitishwa za Bi Mwanakheri

Jumatatu, saa mbili na nusu za asubuhi, Bi Mwanakheri binti Ubwa aliingia masjala ya mahkama moja ya mjini akiwa na barua ya sheha, kitambulisho na kalamu mbili, kwa sababu aliambiwa kalamu ya pale imefungwa kwa uzi na uzi wenyewe haufiki. Alikuwa ametoka Mangapwani tangu alfajiri. Alitaka jalada la kesi ya nyumba ya marehemu mumewe, Amour, iliyoko mtaa wa Malindi, pale pale mjini, na namba ya kesi hakuijua.

Karani wa masjala, mtu wa makamo aitwaye Kificho, alimwambia namba si jambo la kumliza mtu. Ukiwa na mwaka na majina ya waliodaiana, daftari la mashauri litakupa namba. Ukishapata namba unamwandikia Mrajis, mkubwa wa masjala, kuomba kulisoma jalada na kupewa nakala. Akitia saini unalipa ada na kusubiri. Mwanakheri aliuliza tangu lini watu wanaruhusiwa kufanya hivyo. Kificho akasema tangu siku ya hukumu. Kwa miaka ishirini Mwanakheri alikuwa akidhani karatasi za mahkama ni za mahkama.

Amour alipofariki, Mwanakheri alikaa eda katika nyumba ile ile, miezi minne na siku kumi, nyuma ya pazia, hatoki hata barazani. Shemeji yake, Badar, ndugu wa marehemu, alimletea samaki kila siku, na Bahiya, mke wa Badar, akampikia. Mtaa mzima uliwasifu. Kwa mirathi, nusu ya nyumba ilikuwa ya Faiza, binti pekee wa marehemu, thumni ya Mwanakheri, na iliyobaki ya Badar; lakini iliyobaki haikumtosha. Eda ilipokwisha, Badar alitoa karatasi ya hukumu ya mahkama, akaionyesha kwa mbali, akasema nyumba yote ni yake kwa kuwa Mwanakheri mwenyewe alisimama mahkamani akakiri. Mwanakheri alitoka na furushi la nguo na mtoto wa miaka minane.

Faiza alikua akiambiwa na ami yake, Badar, kwamba mama yake aliitoa nyumba kwa ulimi wake mwenyewe. Sasa alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli moja ya Kendwa, na hakuzungumza na mama yake zaidi ya salamu za sikukuu. Sikukuu iliyopita aliongeza sentensi moja, kwamba kama hakukiri, basi amwonyeshe karatasi. Ndiyo iliyomleta Mwanakheri mjini.

Ruhusa ilichukua siku tatu. Alhamisi Kificho aliteremsha jalada kutoka rafu ya juu, akalipangusa, akaita jina la mwombaji kama utaratibu unavyotaka.

"Naam," aliitikia Mwanakheri.

"Naam," aliitikia na mwanamke aliyekaa kwenye benchi la mwisho, chini ya feni.

Kificho hakuinua kichwa. Alieleza kwamba mwanamke yule alikuwamo masjala kabla yake. Yeye alikabidhiwa mwanamke huyo na karani aliyestaafu, Mzee Mkadam, pamoja na funguo za makabati na feni yenyewe. Hali, hanywi, hana usumbufu. Wanaofagia humwomba anyanyue miguu naye hunyanyua. Wote walidhani anasubiri nakala, na wanaosubiri nakala si watu wa kuharakishwa.

Mwanakheri alimsogelea. Mwanamke yule alivaa buibui na nikabu, na ndani ya nikabu hamkuwa na uso, mlikuwa na giza la kawaida, kama la ndani ya mtungi. Pindo la buibui lilishonwa kwa uzi wa kijani. Mwanakheri ndiye aliyelishona, siku ambayo uzi mweusi ulimwishia. Akakumbuka Bahiya alivyokuja kuliazima katika mwezi wa pili wa eda, akisema mtu wa eda buibui la nini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu aliivaa nguo yenyewe.

Katika ukurasa wa saba wa jalada iliandikwa kwamba mdaiwa, Mwanakheri binti Ubwa, amehudhuria mwenyewe. Tarehe yake ilikuwa siku ya sitini na moja ya eda. Hakimu aliuliza nyumba ni ya nani, naye akajibu, na hakuna aliyemtaka afunue uso. Mwanakheri akaona ni vizuri naye aulize.

"Nyumba ya Badar. Nakubali," alijibu mwanamke wa kwenye benchi. Ilikuwa sauti ya Bahiya ya miaka ishirini nyuma, pamoja na kikohozi chake kidogo cha mwishoni mwa maneno.

Hasira ilimpanda Mwanakheri mpaka masikio yakamziba. Alikumbuka kila sahani ya wali aliyoletewa nyuma ya pazia, na kila dua aliyomwombea aliyeileta. Hakupiga kelele. Aliomba nakala mbili zilizothibitishwa.

Kificho alikwenda kwenye mashine. Nakala ya kweli, alieleza huku akipanga karatasi, haipungui kitu na asili yake. Kwenye ukurasa wa saba mashine ilikwama, ikaguna, ikaendelea, na mwanamke wa pili akakaa kando ya wa kwanza, kisha wa tatu. Wa kwanza alijisogeza kuwapa nafasi. Kificho aliwagonga wale wawili wapya muhuri kwenye mikono ya mabuibui yao, akamtaka Mwanakheri atie saini kwenye daftari: karatasi ishirini na nane, wanawake wawili.

Mmoja alipelekwa Kendwa. Faiza alikuwa akihesabu mashuka. Aliusoma ukurasa wa saba kwa kusimama, na kwa kuwa tarehe ya kifo cha baba yake aliijua, alihesabu siku kwa vidole. Kisha akamwuliza yule mwanamke nyumba ni ya nani, na alipojibiwa akakaa juu ya rundo la mashuka.

"Hii sauti ya mkewe Ami," alisema. "Mama, nnakuomba radhi."

Mwanakheri alimwambia radhi anayo tangu azaliwe, na kulia watalia, lakini baadaye. Kwanza kulikuwa na nakala moja ya kupelekwa Malindi.

Bahiya alipofungua mlango aliona pindo la kijani, akasogea pembeni. Mwanamke alimpita, akapanda ngazi, akakaa ukumbini. Kila mgeni aliyemwamkia na kutaka kujua ni nani alijibiwa kwamba yeye ni Mwanakheri binti Ubwa na kwamba nyumba ni ya Badar, kwa sauti ya Bahiya mwenyewe, aliyekuwa akimimina chai pale pale. Jirani, Bi Fathiya, alikuja kuomba ndimu akaondoka bila ya ndimu. Baada ya wiki moja Bahiya hakualikwa tena harusini, na watu wakawa wanampa Badar salamu ya wajibu tu.

Badar alikwenda mahkamani kuomba mwanamke aondolewe nyumbani kwake. Mrajis alilisoma ombi mara mbili. Alisema inawezekana: Badar athibitishe kwamba huyu siye mdaiwa, na mwanamke atafutwa kwenye kumbukumbu, yeye na nakala zake zote. Ila hukumu imesimama juu ya maneno yake, kwa hiyo itafutika naye, na nyumba irudi kwenye mirathi. Badar alilikunja ombi lake vizuri, akalitia mfukoni mwa kanzu, akaenda zake.

Mwanakheri, aliyekuwa amekaa pale pale akisikia, aliuliza kama na yeye anaweza kuomba hukumu ifutwe. Mrajis alimjibu kwa heshima kwamba muda wake ulikwisha miaka mingi iliyopita, na mlango huo kabakishiwa Badar peke yake. Mwanakheri akauliza kama muda wa kuomba nakala nao unakwisha. Huo, alisema Mrajis, hauna mwisho.

"Basi nnataka ishirini."

Mashine ilifanya kazi siku mbili. Wanawake walikwenda Malindi kwa miguu, mmoja nyuma ya mwengine, Faiza mbele na mama yake nyuma akiwahesabu wasipotee kwenye vichochoro. Walijaa ukumbini, vyumbani, kwenye ngazi na kwenye roshani. Badar na Bahiya sasa wanalala jikoni, baina ya pipa la maji na gunia la makaa. Mara mbili Bahiya amemsihi mumewe arudi kwa Mrajis, na mara mbili Badar amemuuliza wataishi wapi.

Hati ya nyumba ingali na jina la Badar. Faiza huja Mangapwani kila Ijumaa, akampikia mama yake na kumsuka nywele. Mwanakheri anaishi katika chumba cha kupanga chenye bati linalovuja, nyumba hana, na wanaomuuliza kama ameshasamehe huwaambia hapana.