Muthokoi Uliokwisha Jumatatu

Kiema alifunua sufuria mwenyewe. Tangu waoane hakuwahi kufanya hivyo. Kwao mwanamume hafunui chungu wakati mke yuko nyumbani, labda kama kuna ugomvi. Mbinya alikuwa ameinama mlangoni akipepea makaa ya jiko, na aliposikia mlio wa kifuniko alijua hana pa kukimbilia.

"Muthokoi umeenda wapi?"

"Si huo."

"Huu ni wa kukwangua. Nauliza ule wa jana."

Alikuwa ameupika Jumapili kutwa. Muthokoi ni chakula cha subira, mahindi yaliyokobolewa yakichemka na maharagwe hadi makaa yaishe, ndiyo maana watu huupika mwingi mara moja, kisha huukaanga kidogo kidogo siku zinazofuata. Kwa kina Kiema kule Makueni, sufuria ya Jumapili hufika katikati ya wiki, na wao ni wengi. Hapa Kware, Nairobi, walikuwa wawili tu, hata mtoto hawajapata, na leo ilikuwa Jumatatu jioni.

"Niliwapa watoto wa Nabwire hapo jirani," Mbinya alisema. "Walikuja hapa wakinusanusa."

"Wote huo?"

"Walikuwa na njaa."

Kiema alirudisha kifuniko polepole. Hakuwa mtu wa makelele. Alichonga vinyago katika karakana moja Pumwani, na alikuwa na tabia ya kukitazama kitu muda mrefu kabla ya kukigusa.

"Sikatai kuwapa watoto," alisema. "Lakini basi pika kidogo. Mimi nakula sahani moja, wewe unakula kile kijisahani chako. Sufuria nzima ni ya nani?"

"Nitapunguza."

Kijisahani kilikuwa na historia yake. Siku Mbinya alipopelekwa kwa wakwe mara ya kwanza, mama yake alimwonya, "Ukweni usishibe. Mke mgeni akijaza sahani, watu wanasema ameletwa na njaa." Mbinya alitii. Aliacha nusu ya chakula na kusema ameshiba, na mama yake Kiema akafurahi mbele ya watu wote. "Mwanangu, umepata. Huyu hatakumaliza." Kiema aliyabeba maneno hayo hadi Nairobi kama mtu aliyeshinda kitu. Aliwaambia wenzake wa karakana. Aliwaambia watu wa kanisani. Kisha siku moja akaja na sahani ndogo yenye maua pembeni, akampa mkewe kama zawadi. "Hii ni saizi yako," alisema, na jinsi alivyotabasamu, Mbinya hakuona njia ya kuikataa.

Lakini Mbinya alikuwa mtu wa chakula. Alikulia shambani, akala na kaka zake kutoka sinia moja, na hakuna aliyemshinda. Sasa kila jioni alikula vijiko vichache, akasema ameshiba, na tumbo lake likinguruma alikohoa ili lisisikike. Mchana, Kiema akiwa kazini, alifunga mlango kwa komeo na kuvuta pazia, kwa sababu wanawake wa gorofa ile hupita kwenye korido wakienda kuanika nguo. Kisha akasimama juu ya sufuria akala kwa mwiko, haraka, bila hata kuketi, kama mtu anayeiba. Akimaliza alisawazisha kilichobaki kwa mgongo wa mwiko, akapangusa mdomo, akafungua mlango. Kila siku alijiambia kesho atakula kiasi. Kesho ikifika njaa ilikuwa ileile.

Baada ya Jumatatu ile, Kiema alianza kupima mahindi mwenyewe. Vikombe viwili, akasema, vinatosha watu wawili ambao mmoja hali. Mbinya alijaribu kumwambia kwamba viwili ni vichache.

"Vichache kwa nani?"

"Mgeni anaweza kuja."

"Mgeni akija tutaongeza. Au kuna mgeni anayekuja mimi nikiwa sipo?"

Alisema kwa mzaha. Wiki hiyo Mbinya alipopandisha maji kutoka chini alilazimika kuketi ngazini, mtungi kati ya miguu, mpaka kizunguzungu kiishe. Alikuwa ameketi hivyo Jumamosi, kona moja ya ngazi juu, aliposikia mumewe akikutana na jirani yao hapo chini.

"Nabwire, hao watoto wako wamenona," Kiema alisema. "Naona muthokoi wa Mbinya umewakubali."

"Muthokoi gani tena? Wangu hawaijui hiyo kitu. Wao ni chipsi na ugali." Nabwire alicheka. Alikuwa mama wa utani, hakuwa na ubaya. "Na bibi yako naye tumwambie nini? Kila saa sita anajifungia, pazia chini. Ukibisha hafungui. Mnaficha nini huko ndani, nyama?"

Kiema hakucheka.

Jioni hakula. Aliketi kitandani akitazama mikono yake, na vumbi la mbao bado lilikuwa kwenye vidole.

"Ni nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Ulisema ni watoto. Si watoto. Chakula hakitembei, Mbinya."

"Hakuna mtu, nimekwambia."

"Basi kwa nini unafunga mlango?"

Maneno mawili tu yangemaliza jambo hilo. Ni mimi. Mbinya alikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini alijiona akiwa amesimama juu ya sufuria na mwiko mkononi, mashavu yamejaa, na akaona Kiema naye akiiona picha hiyo, na maneno yakarudi chini. Kuitwa malaya kulimwogopesha. Kuitwa mlafi kulimwogopesha zaidi. Hata yeye mwenyewe alishangaa kwamba ilikuwa hivyo, lakini ilikuwa hivyo.

Siku iliyofuata, baada ya kanisa, alikuja Syombua, dada mkubwa wa Kiema. Alikuwa karani, akiishi Buruburu, na mambo ya ukoo yaliyotokea Nairobi yalipitia kwake kabla ya kufika Makueni. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti cha pekee, mkoba mapajani. Kiema alibaki amesimama karibu na dirisha. Muthokoi ulikuwa jikoni, umekaangwa kwa vitunguu na nyanya. Kwa ajili ya mgeni Kiema alikuwa ameongeza kikombe cha tatu.

"Wifi yangu," Syombua alianza, "sikuja kupiga kelele. Ndugu yangu anataka kukurudisha kwenu wiki hii. Mimi nimemwambia angoje, nisikie kutoka kwako. Sasa niambie. Chakula cha nyumba hii kinaliwa na nani?"

Mbinya alikuwa kwenye kigoda kando ya mlango. Alitazama sakafu.

"Kama ni ndugu yako aliyekosa kazi, sema. Tutaelewa," Syombua aliendelea. "Kama ni mwingine, pia sema. Mimi nataka jina tu. Mtu hawezi kurudishwa kwao bila jina."

"Anajua sana kunyamaza," Kiema alisema.

"Wewe nyamaza kwanza. Mbinya, jina."

Mbinya aliinuka, akaiepua sufuria, akarudi nayo kwenye kigoda na kuiweka kati ya miguu yake. Akashika mwiko, akala.

"Mbinya," Syombua alisema, "tunaongea."

Aliendelea kula. Ulikuwa wa moto na ulimchoma ulimi. Hakuinua kichwa. Machozi yalimshuka na pua ikaanza kumtoka, akajipangusa kwa mkono wa nguo akaendelea, kwa sababu sasa kuacha kungekuwa kubaya kuliko kumaliza. Kulisikika mwiko ukigonga sufuria, na nje redio ya mtu. Alikula sehemu ya Kiema. Alikula sehemu ya mgeni. Mwiko ulipoanza kukwangua chini, Kiema alisogea kutoka dirishani hatua moja, akasimama.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Syombua aliponyokwa na kicheko. Aliziba mdomo kwa kiganja, akatazama uso wa ndugu yake, na kicheko kikaisha. "Jamani," alisema. "Na mimi nimetoka Buruburu kwa ajili ya hili." Alivaa viatu vyake bila kungoja kusindikizwa, na Kiema akamfuata koridoni. Mlango ulibaki wazi kidogo.

"Dada, usimwambie mama."

"Nimwambie nini? Kwamba mke wako anakula?"

"Usimwambie tu. Huyo mama anamsifu mpaka kwa majirani. Na mimi pia, kazini..."

Mbinya alisikia yote. Alikuwa ameikumbatia sufuria tupu kwa magoti. Alifikiri juu ya Syombua akishuka ngazi zote zile na njaa, mgeni aliyekuja nyumbani kwake na hakupewa hata maji, na masikio yakamwaka moto.

Kiema aliporudi hakuketi. Alitazama sufuria, kisha ukuta.

"Umeshiba?" aliuliza.

Kila jioni tangu waoane Mbinya alisema ndiyo kabla hata hajaulizwa.

"Bado," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Kiema alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokijua. "Mimi pia sijala," alisema. "Nashuka kwa mama wa chapati. Nikuletee ngapi?"

"Moja."

Alitoka. Mbinya alisikiliza viatu vyake vikienda kwenye korido, na alijua akiviacha vifike ngazini, kesho saa sita atafunga tena komeo. Akainuka. Alipofungua mlango wote, Nabwire alikuwa ameketi nje akimsuka binti yake, na wanawake wengine wawili walikuwa wameegemea kizuizi cha korido na nguo mikononi. Wote waliinua macho.

"Kiema."

Aligeuka, mkono kwenye ukuta wa ngazi.

"Lete nne," Mbinya alisema.

Nabwire alishikilia kitana hewani. Kiema aliwatazama wale wanawake, mmoja mmoja, kisha akamtazama mkewe aliyesimama pale na muthokoi kwenye mkono wa nguo.

"Nne," alirudia, si kwa sauti kubwa, akashuka.

Mbinya alibaki mlangoni, uso ukimwaka, hajui aweke wapi mikono.